Mwalimu, Aongeze Bidii Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Kumjulisha Mzazi Mambo ya Darasani

Siku ya kuchukua ripoti, mama mmoja alikaa mbele ya meza yangu akaisoma karatasi ya mwanawe kuanzia juu hadi chini, kisha akaigeuza kuangalia kama upande wa pili umeandikwa kitu. Ulikuwa mtupu. Hisabati: 48. Maoni ya mwalimu: "Aongeze bidii." Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, aongeze bidii wapi?"

Maneno yale niliyaandika mimi, na siku hiyo nilikuwa nimeyaandika kwenye ripoti nyingine nyingi. Tangu hapo nimekuwa nikizipekua imani tunazoishi nazo, walimu kwa wazazi, kuhusu namna habari za masomo zinavyopaswa kutoka darasani hadi nyumbani. Nyingi tumezirithi tu, hatujawahi kuzipima.

Dhana: Ripoti ya mwisho wa muhula inamtosha mzazi

Ripoti ina kazi yake, nayo ni kuweka kumbukumbu ya pale mtoto alipofika. Tatizo ni kwamba inafika mada ikiwa imekwisha, mtihani umesahihishwa na darasa limehamia kwingine. Mtoto akikwama kwenye kutoa wiki ya 3, mzazi anakuja kujua wiki ya 13. Hapo katikati zimepita jioni 70, na hata chache kati ya hizo zingetosha kumkwamua.

Kisha kuna alama yenyewe. Watoto wawili wanaweza kupata 48 kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Mmoja anajumlisha na kutoa vizuri, ila hasomi kwa kasi, kwa hiyo maswali ya maelezo yanampita. Mwingine anasoma bila shida, lakini ukimpa 52 kutoa 27 anaandika 35. Hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5. Kwenye makumi akatoa 2 kwenye 5 akapata 3. Ana kanuni yake kichwani na anaifuata kwa uaminifu, ila si sahihi. Anachohitaji ni vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake na kuona kukopa kutoka kwenye makumi maana yake nini. Yule wa kwanza anahitaji kusoma kwa sauti kidogo kila jioni. "Aongeze bidii" haimsaidii hata mmoja wao.

Mtoto wa yule mama alikuwa huyu wa pili. Nililigundua hilo nilipofungua daftari lake mbele ya mama yake, na makosa yalikuwa yamejipanga ukurasa baada ya ukurasa. Ushahidi wote ulikuwa kabatini kwangu muhula mzima.

Mchumi Rebecca Dizon-Ross alilichunguza jambo hili nchini Malawi, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2019. Aligundua kwamba wazazi wengi walikuwa na picha isiyo sahihi ya uwezo wa watoto wao kimasomo, na wenye kipato kidogo ndio waliokuwa mbali zaidi na hali halisi. Walipoelezwa alama za watoto kwa lugha iliyo wazi, maamuzi yao yalibadilika. Kwa mfano, walichagua vitabu vya mazoezi vinavyolingana na kiwango cha mtoto. Mapenzi yao kwa watoto hayakuwa yamepungua kabla ya hapo. Kilichokuwa kimepungua ni habari.

Dhana: Mwalimu akimtafuta mzazi, kuna kosa

Simu ya mwalimu inapoita, mtoto huulizwa "Umefanya nini?" hata kabla haijapokelewa. Sisi walimu ndio tuliowazoesha wazazi hivyo, kwa kunyamaza mambo yakiwa mazuri. Mzazi anayeisikia sauti yako kwa mara ya kwanza siku ya lawama ataanza kwa kujitetea au kumtetea mtoto, au atamwadhibu kabla hujamaliza kueleza. Mazungumzo ya kumsaidia mtoto yanakuwa yamekufa palepale. Ndiyo maana wiki za kwanza za mwaka wa masomo nazithamini sana. Ujumbe wa kwanza uwe wa jambo dogo ulilolishuhudia kwa macho yako: "Leo amesoma aya nzima bila kufuatisha kwa kidole."

Lakini nyuma ya dhana hii imejificha nyingine, ya kudhani kwamba ujumbe mzuri ni wa sifa peke yake. Watafiti wa elimu Matthew Kraft na Todd Rogers walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio walilofanya Marekani kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo waliyofeli wakati wa likizo. Kila wiki mzazi alipelekewa ujumbe wa sentensi moja kutoka kwa mwalimu kuhusu mtoto wake. Idadi ya wanafunzi walioshindwa kufuzu somo ilipungua kwa asilimia 41. Na ujumbe uliotaja kitu cha kurekebisha ulifanya kazi zaidi kuliko ule uliotaja tu kinachokwenda vizuri. Wanafunzi hao ni wakubwa kuliko wetu wa shule ya msingi, najua, lakini sentensi moja iliyolenga jambo moja humpa mzazi wa mtoto wa umri wowote kitu cha kuzungumza na mwanawe jioni ileile.

Dhana: Mzazi asiyekuja kikaoni hajali

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu nimeisikia mara nyingi kwenye chumba cha walimu na nimeisema pia mwenyewe.

Kathleen Hoover-Dempsey na Howard Sandler, watafiti walioanza kuandika kuhusu jambo hili miaka ya 1990, walijiuliza kwa nini mzazi mmoja hushiriki masomo ya mwanawe na mwingine hashiriki. Walitaja mambo ya msingi kama haya: mzazi anauonaje wajibu wake, anaamini kiasi gani kwamba msaada wake utaleta tofauti, na kama anahisi amekaribishwa na shule, na mwalimu, na mtoto mwenyewe. Ukiyatafakari utaona kwamba mzazi anaweza kumpenda mtoto kupita kiasi na bado asionekane shuleni. Labda anaamini masomo ni kazi ya mwalimu na kujiingiza ni kukosa adabu. Labda aliacha shule mapema, na kila akipita lango la shule anarudishwa kwenye aibu ya utotoni. Labda kikao kimewekwa saa za kazi. Na wapo waliokuja mara mbili tatu, wakasikiliza habari za sare, ratiba na ukarabati wa paa, wakaondoka bila mtu yeyote kutaja jina la mtoto wao. Hao wasiporudi, kweli tuseme hawajali?

Inayofuatana na hii ni imani kwamba mzazi asiyejua kusoma hana cha kuchangia. Mzazi huyo anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee ukurasa wa leo, kisha nieleze hadithi inahusu nini," akamsikiliza mpaka mwisho. Anaweza kumtaka ahesabu vijiti mbele yake. Anaweza kuhakikisha mtoto amelala mapema na ameamka kwenda shule. Anachohitaji kwako ni kuambiwa kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, wiki hii aulize nini. Ujumbe mfupi wa sauti kwenye simu unatosha, au dakika mbili mlangoni wakati wa kumchukua mtoto. Swali la "Leo umejifunza nini?" huzaa jibu moja tu, "Hakuna." Lakini mzazi akisema, "Nionyeshe mnavyogawa kwa mafungu," mtoto huenda kutafuta vijiti.

Hata kwenye mahudhurio tunadhani mzazi anajua. Si lazima. Siku moja ya homa, mbili za safari, nyingine ya mvua. Kila moja ina sababu yake, na hakuna anayezijumlisha. Todd Rogers na Avi Feller walizitumia barua familia zaidi ya 28,000 mjini Philadelphia, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2018. Wazazi walikuwa wakikadiria siku ambazo watoto hawakwenda shule kuwa chache kuliko zilivyokuwa. Kuwatajia tu jumla ya siku hizo kulipunguza utoro wa kudumu, yaani wa watoto wanaokosa shule siku nyingi mno kwa mwaka, kwa asilimia 10 au zaidi. Rejista ipo darasani tayari. Kinachotakiwa ni kujumlisha na kumwambia mzazi.

Dhana: Kundi la WhatsApp limeshamaliza kazi hii

Kundi ni zuri kwa matangazo: kesho shule imefungwa, Ijumaa kuna michezo. Lakini lipekue kundi lolote la darasa uhesabu ni jumbe ngapi zinazoeleza watoto wanajifunza nini wiki hii. Mzazi anaweza kupokea jumbe 40 kwa siku na asijue kama mwanawe anatambua silabi.

Wingi wenyewe nao una madhara. Kundi la watafiti akiwamo Susanna Loeb lilijaribu kuwatumia wazazi wa watoto wa awali ujumbe mmoja, mitatu au mitano kwa wiki yenye vidokezo vya kumsaidia mtoto nyumbani. Mitatu ilifanya kazi vizuri kuliko mmoja, na waliopokea mitano walichoka, wengi zaidi wakajitoa kwenye mpango. Sisemi tatu ndiyo namba ya kila darasa. Nasema mzazi ana kikomo, na kila tangazo lisilo la lazima linakula nafasi ya lile la maana.

Jambo moja silifanyii mzaha: alama, makosa au tabia ya mtoto mmoja hazipelekwi kwenye kundi, hata kwa nia ya kumsifu. Mtoto anayesifiwa mbele ya wazazi 50 ana jirani yake ambaye hakutajwa, na mama wa huyo jirani anasoma.

Dhana: Namba aliyoshika darasani ndiyo habari kuu

Namba hupanda na kushuka kwa sababu ya wengine. Mtoto anaweza kushuka kutoka wa 6 hadi wa 11 ilhali anasoma vizuri kuliko muhula uliopita, na anaweza kuwa wa kwanza darasani ambamo wengi bado hawajui kusoma. Mzazi anayetaka kujua hali halisi aulize: mwezi uliopita alikuwa hawezi nini ambacho sasa anakiweza?

Dhana: Darasa kubwa haliruhusu haya

Mwalimu mwenye wanafunzi 45 akisikia "wasiliana na kila mzazi" anahisi pumzi zinamkata, na ana haki. Hakuna anayeweza kuandika barua 45 kila wiki. Lakini watoto 3 kwa siku ni 15 kwa wiki, na baada ya wiki 3 kila mzazi amesikia jambo moja la mwanawe mwenyewe. Mimi hubandika orodha ya majina ndani ya jalada la kitabu changu cha maandalio na kuweka alama ya vema mbele ya kila jina nikishamfikia. Bila orodha hiyo nilikuwa nawarudia walewale: watundu sana na hodari sana. Watoto wa katikati, wapole, wasio na kesi, walikuwa wanapita mwaka mzima bila mzazi wao kusikia lolote kutoka kwangu.

Sentensi yenyewe nimeiwekea sehemu mbili tu, mtoto anaweza nini sasa na nyumbani wajaribu nini wiki hii. "Anaunganisha silabi mbili, muombe akusomee maneno matano kila jioni." Ujumbe wa namna hiyo huandikwa wakati watoto wanafungasha mikoba. Nyakati ngumu, za mitihani hasa, huwa natumia daftari la mtoto lenyewe: nazungushia swali moja, naandika chini yake maneno machache, naomba mzazi atie sahihi.

Dhana: Haya ni mazungumzo ya watu wazima, mtoto asubiri nje

Yapo ya kuzungumza faraghani, hasa yanayogusa afya au matatizo ya nyumbani. Lakini masomo ni yake mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sioni linalomhusu kuliko daftari lake. Akiachwa nje anajua anasemwa, ila hajui anasemwaje.

Siku hizi, kabla ya kukutana na mzazi, namwambia mtoto achague kazi tatu: moja anayojivunia, moja iliyomsumbua lakini akaiweza, na moja ambayo bado inamshinda. Anazieleza yeye. Mimi naongezea panapobidi.

Muhula uliofuata, yule mama alikaa tena mbele ya meza yangu, safari hii mwanawe akiwa katikati yetu. Mtoto alifungua daftari ukurasa wa zamani, akaweka kidole kwenye 52 kutoa 27. "Hapa nilikuwa naandika 35," akamwambia mama yake.

"Na sasa?"

Akaomba kalamu.