Kuwekwa wakfu ili ufungishe ndoa: maana yake nini?

Kwa asili yake, kuwekwa wakfu ni jambo la kanisa. Mtu anasoma, anapimwa mwenendo, kisha anawekewa mikono na kutengwa kwa ajili ya utumishi: kuhubiri, kubatiza, kuzika. Kufungisha ndoa ni kazi moja tu kati ya hizo.

Huko Marekani neno hili limepata maana nyingine, nyepesi zaidi. Rafiki yako anaoa, anataka wewe ndiye usimame mbele yao uwaulize kama wamekubaliana. Unaingia mtandaoni, unajaza jina, unabonyeza, tayari ni mchungaji. Wala halikuanza na intaneti: Universal Life Church, kanisa la Kirby Hensley wa Modesto, California, lilikuwa likigawa uchungaji kwa posta tangu miaka ya 1960. Waliokaa miaka chuoni wakisomea kazi hiyo hukunja ndita wakisikia haya, na siwalaumu.

Wengi hudhani cheti cha uchungaji wa namna hiyo ndicho kinachofungisha ndoa. Sivyo. Mamlaka yanatoka kwenye sheria ya jimbo, ambayo hutaja wanaoruhusiwa, mathalani mahakimu na viongozi wa dini. Cheti kinakuingiza tu kwenye hilo kundi la pili, tena pale jimbo linapokikubali. Majimbo mengi hayaulizi uchungaji uliupataje. Tennessee, mwaka 2019, ilipitisha sheria ya kuwakataa waliowekwa wakfu mtandaoni. Minnesota inataka kwanza ujisajili kwenye kaunti. Kwa hiyo kabla hujashona suti, ulizia ofisi ya kaunti ya huko harusi itakakofanyika.

Na si lazima uwe mchungaji. Massachusetts mtu wa kawaida huweza kuomba kibali cha gavana cha kufungisha ndoa moja, siku moja. Colorado maharusi wanaruhusiwa kujifungisha wenyewe.

Kazi yenyewe sasa. Maharusi huja na leseni ya ndoa waliyoichukua mapema. Wakishaitikia mbele yako, unawatangaza mume na mke, unajaza sehemu yako na kutia saini. Hapo ndipo wengi husahau, maana muziki umeshaanza. California inataka leseni iliyosainiwa irudishwe kaunti ndani ya siku 10, na wa kuirudisha ni mfungishaji, si maharusi. Kwa hiyo ukimaliza kucheza, pekua mifuko ya koti kabla halijaenda kwa dobi.