Gari lililoshuka si gari lililoshushwa

"Hii imeshushwa, mkuu. Ya kimichezo." Muuzaji alisema hivyo huku akipigapiga boneti, nami nikachuchumaa nyuma ya gari nikapima kwa vidole. Kati ya tairi la nyuma kulia na ukingo wa madigadi viliingia vidole vitatu. Kushoto viwili, tena kwa kubanwa. Mbele iliingia ngumi nzima. Gari lile halikushushwa na mtu. Lilishuka lenyewe, kwa umri na kwa mizigo, na upande wa kushoto ulitangulia.

Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, sasa naona bora niliandikie.

Kushusha gari ni kuliweka bodi karibu zaidi na magurudumu kwa makusudi, kwa kubadilisha springi au mahali springi inapokalia. Kwa gari la kutembelea kila siku huwa ni sentimita 2 hadi 4 hivi. Watu hushusha kwa ajili ya kona, au kwa sababu linapendeza, na wengi wanaotaja kona wanamaanisha linapendeza. Maana ndiyo hiyo. Uzito wote uko kwenye neno "makusudi".

Kiswahili chenyewe kilishatutengea maneno mawili mapema. Mzizi wao ni kushua, neno la watu wa pwani: kushua chombo ni kukiteremsha kutoka mchangani hadi majini. Chombo hakijishui. Kuna watu wa kukisukuma, magogo ya kukiviringishia, na mmoja wa kupiga kelele kila mtu asukume kwa pamoja. Humo ndimo yalimotoka kushuka na kushusha. Kushuka hakuhitaji mtendaji: bei imeshuka, jua limeshuka, maji yameshuka. Kushusha kunadai mtu wa kuulizwa. Abiria aliyeshuka na abiria aliyeshushwa hawafiki nyumbani na hadithi moja. Na chombo kilichoshuliwa na chombo kilichozama vyote viko chini kuliko vilivyokuwa asubuhi, lakini sijawahi kuona nahodha anayevichanganya.

(Sigombani na anayesema "gari imeshuka" badala ya "gari limeshuka". Nami nikiwa gereji nasema hivyohivyo. Ugomvi wangu uko mwishoni mwa neno: "-ka" au "-shwa".)

Tofauti hii si ya kamusi tu, iko ndani ya chuma. Springi ina mambo mawili: urefu wake ikiwa haijabebeshwa kitu, na ugumu wake, yaani inahitaji uzito kiasi gani ili ibonyee sentimita moja. Springi ikichoka, kinachopotea ni urefu. Chuma kimekaa miaka chini ya mzigo, kimekubali, hakirudi tena pale kilipoanzia. Ugumu unabaki karibu uleule wa kiwandani. Sasa hesabu: tuseme gari likiwa jipya lilikuwa na sentimita 8 za gurudumu kupanda kabla ya kufika kwenye kile kipira kinachokaa juu ya fimbo ya shokapu kuzuia chuma kisigonge chuma. Limeshuka sentimita 4. Umebaki na nusu ya nafasi na ulaini uleule. Kila shimo ambalo zamani lilimezwa na sentimita 6 sasa linaishia kwenye kipira, na ule mshindo unaousikia mgongoni ndio huo.

Springi ya kushushia ni fupi, na kwa kawaida ni ngumu zaidi, kwa sababu aliyeichora alijua kwamba ameondoa nafasi. Gurudumu linatakiwa lisimamishwe ndani ya safari fupi, basi lazima lisimamishwe kwa nguvu zaidi. Na shokapu nayo hubadilishwa ifanane, maana springi ngumu hurudi kwa kasi na shokapu ya zamani haiwezi kuituliza. Kwa hiyo magari mawili yanaweza kuwa na urefu uleule kabisa kutoka ardhini, moja limeshuka, jingine limeshushwa, na yakipita kwenye tuta moja hayafanani hata kidogo.

Hapa lazima niingize kero yangu ya pili, kwani huja na hii ya kwanza kama pacha: "limeshuka kwa sababu shokapu zimekufa". Hapana. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya kubonyezwa. Kwenye ekseli ya nyuma ambayo springi na shokapu zimekaa mbalimbali, fungua shokapu zote mbili uziweke chini, na gari litabaki limesimama palepale, isipokuwa sasa linayumba kama kitanda cha kamba. Anayekuuzia shokapu mpya ili gari lipande amekuuzia kitu kizuri kwa sababu isiyo yake, na kesho vidole vitaingia vilevile viwili.

Na kukata springi? Fundi anakuja na grainda, anaondoa mzunguko mmoja, anarudisha, gari limekaa chini, unalipa. Watu wanaita kushusha, na kwa sarufi siwezi kuwakatalia, mtendaji yupo na makusudi yapo. Kinachokosekana ni hesabu. Kwa kweli springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi: ikiwa ilikuwa na mizunguko 6 inayofanya kazi ukabakisha 5, ugumu umepanda kwa asilimia 20. Wenye grainda hupenda kulitaja hilo. Wasichokitaja ni ncha. Springi nyingi zimemaliziwa kwa namna fulani, bapa au zimekunjwa kuingia ndani, ili zikalie kwenye kiti chake. Ukiikata, inakalia ncha iliyochongoka. Na ukiliinua gari kwa jeki, gurudumu likaning'inia, springi fupi huweza kulegea kabisa kwenye kiti chake. Kinachotokea kwenye jeki hutokea pia gurudumu linapoangukia shimoni. Kuichoma kwa gesi ili ijilegeze ni kubaya zaidi, kwa sababu moto unaondoa ule uimara wa chuma uliopatikana kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Hiyo ni kuizeesha springi miaka ishirini kwa dakika tano. Yaani ni kulifanya gari lishuke, kwa makusudi. Nimekubali kwamba lugha ina mahali inapochoka.

Kwenye hili kuna magari yaliyovuruga mpaka huu kabla hata mimi sijaanza kulalamika. Citroën DS, iliyotoka mwaka 1955, ilibebwa na mafuta yenye mgandamizo pamoja na gesi badala ya springi za chuma. Ukizima injini na kuiacha, ilishuka taratibu hadi ikalala, na ukiwasha ikainuka. Hiyo ilishuka, hakuna aliyeishusha, na haikuwa mbovu. Mwaka 1959, huko California, Ron Aguirre alifunga pampu za haidroli kwenye Corvette yake ili aishushe na kuipandisha akiwa ameketi ndani. Sheria ya jimbo lile ilikuwa imekataza sehemu yoyote ya gari, ukiacha magurudumu, kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Aguirre akawa na gari lililoshushwa mbele ya marafiki na lisiloshushwa mbele ya polisi. Huyo hahitaji somo langu, alikuwa na swichi.

Turudi kwa wenye springi. Ukiishi na gari lililoshushwa vizuri, utajifunza mambo ambayo mwenye gari lililoshuka huyapata bila kuyachagua. Tuta unalipanda kwa mshazari, tairi moja likitangulia, ili tumbo lisikwanguliwe. Jeki ya kawaida haiingii, unapandisha gurudumu juu ya ubao kwanza. Ukiegesha huliingizi pua juu ya ukingo wa barabara, utaiacha bampa hapo. Alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, inapigwa upya mara tu springi zikibadilishwa, kwa sababu magurudumu yanainama kwa ndani kadiri bodi linavyoshuka, na yakipishana mwelekeo hata kidogo tairi linakula upande wa ndani, mahali usipoangalia, hadi nyuzi zionekane. Taa za mbele nazo zinapimwa. Faida ipo, ila si ya miujiza: kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 juu ya ardhi, ukakishusha sentimita 3, uzito unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona unapungua kwa asilimia 5 hivi. Zaidi ya hapo ukiendelea kushusha, amu za chini, vile vyuma vinavyoshikisha gurudumu kwenye bodi, zinaanza kuelekea juu upande wa gurudumu, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko mwanzo.

Mwenye kushusha anayabeba hayo kwa sababu aliyataka. Ndiyo maana inaniuma akiwekwa fungu moja na mtu aliyepakia saruji kwa miaka tisa.

Yule muuzaji sikubishana naye, alikuwa kazini. Lakini akisoma hapa, ningemwambia hivi: mkuu, hiyo imeshuka. Ifungie springi mpya za kawaida, pande zote mbili, uone ilivyokuwa inatakiwa kusimama. Halafu tukae tuzungumze kuishusha.