Kirafiki si "kwa rafiki"

Juzi nimepata barua pepe ya mtu tuliyekaa naye bweni moja miaka minne. Kwenye mada: "YAH: KUPATA MTOTO WA KIKE." Ndani: "Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukutaarifu kuwa nimejaliwa mtoto wa kike mwenye kilo tatu na nusu." Mwisho kabisa, "Wako katika ujenzi wa taifa", jina, na cheo. Cheo! Nikatafuta mhuri, sikuuona.

Nilipomtania akajitetea: hii ni barua ya kirafiki, kwani si nimemwandikia rafiki? Na si yeye wa kwanza kunijibu hivyo.

Barua ya kirafiki ni barua isiyo rasmi ya kujuliana hali na kupashana habari. Basi. Mambo ya anwani juu kulia na tarehe chini yake tulikaririshwa shuleni, na barua pepe imeshatupunguzia, kwa kuwa hivyo vinajiandika vyenyewe.

Kinachowapiga watu chenga ni neno lenyewe. Rafiki tumelitoa kwenye Kiarabu, rafiq, mwenza wa safari. Waarabu wana methali inayosema mwenza kwanza, njia baadaye. Mzizi huohuo ndio uliozaa rifq, yaani upole. Sisi tukalipokea, tukalipachika ki-, na hii ki- ndiyo wengi wanaipita mbio. Si ki- ya kitabu wala ya kijitoto. Ni ki- ya namna, kama kuishi kitajiri au kulia kitoto. Anayelia kitoto si lazima awe mtoto. Wengine wana ndevu. Kirafiki nayo inataja namna ya kusema, haimtaji anayeambiwa.

Ndiyo maana shangazi anaandikiwa kirafiki, shikamoo ikiwa mahali pake. Hata baba mkwe, kwa tahadhari. Na ukimwomba likizo mkuu wa idara ambaye mlicheza naye gololi, umemwandikia rafiki, lakini barua ni rasmi na hiyo YAH ni haki yake. YAH ni kifupi cha "yahusu", na kazi yake ni kumsaidia mtu wa masjala ajue barua iende kwenye faili gani. Mimi sina masjala. Nina simu yenye kioo kilichopasuka na hamu ya kujua habari zako.

Kwa hiyo, baba wa binti, hongera sana, na naomba uniandikie upya. Kwenye mada weka tu "Binti kafika". Kilo nimeshazijua. Niambie kafanana na nani, jina kampa nani, mama yake anaendeleaje, na kama bado unaogopa kumbeba.