Je, wajua kwa nini mkopo mdogo una riba kubwa, hata kwa anayelipa vizuri?

Muuza mboga aliyemaliza marejesho yake yote kwa wakati, akienda kukopa taasisi nyingine, huanza upya kama mgeni. Historia yake imebaki kwenye mafaili ya taasisi ya kwanza. Ya pili italazimika kumtuma afisa mikopo akaone genge lake na kuulizia kwa majirani. Nauli na muda wa afisa huyo havipungui kwa kuwa mkopo ni wa shilingi 10,000 badala ya 500,000, kwa hiyo ule mdogo ndio unaoelemewa.

Kisha kuna wanaotoroka na deni. Mkopeshaji asiyeweza kuwatambua mapema hupandisha riba kwa wote, na mwaminifu humlipia mkorofi. Mwaka 1981 wanauchumi Stiglitz na Weiss walionyesha ubaya wa hesabu hiyo: riba ikizidi kupanda, waangalifu hujiondoa, wakabaki wasiojali.

Taarifa hubadilisha mambo kiasi gani? Malawi, mwaka 2007, baadhi ya wakulima wa paprika waliokuwa wakiomba mikopo walichukuliwa alama za vidole. Nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa. Mdaiwa angeweza kurudi kwa jina jingine. Waliokuwa na hatari kubwa ya kutolipa waliongeza marejesho sana. Wengine hawakubadilika, maana walikuwa wakilipa tangu mwanzo.

Kenya ilianza kutumia CRB, yaani ofisi zinazotunza historia za wakopaji wa taasisi mbalimbali, mwaka 2010, ila hadi kanuni za 2013 benki zililazimika kupeleka habari za wasiolipa tu. Ndiyo maana hadi leo CRB husikika kama jela ya wadaiwa. Kumbukumbu ya aina hiyo humsaidia mkopeshaji kukataa, lakini haimpi mlipaji mzuri cha kujitetea nacho.

Na hata taarifa nzuri zikiwepo, bei haishuki yenyewe. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu nchini Kenya iliyoanza Novemba 2012, ilitazama mwenendo wa mteja kupanga kiwango cha mkopo, huku ada ikibaki 7.5% kwa kila mtu. Ushindani ndio unaoishusha, pale mteja anapoweza kuhama na historia yake. Kwa Kenya, kanuni zinampa kila mteja nakala moja ya ripoti yake ya CRB kwa mwaka bila malipo, na anaweza kwenda nayo mkononi kwa mkopeshaji mwingine kuulizia bei.