Daraja la Zege: Mtazame Mto Kabla ya Malori

Daraja la barabara kuu likianza kuzeeka, lawama huangukia malori. Uzito wa malori, hata hivyo, umo kwenye hesabu za mhandisi tangu mwanzo, ilimradi hayazidishi mzigo. Madaraja mengi ya mtoni huangushwa na maji yanayochimba chini ya nguzo.

Mafuriko yakigonga nguzo, sehemu ya maji huelekea chini, huzunguka kitako chake na kuzoa mchanga. Shimo huwa refu kuliko wakati wowote mto ukiwa umefurika, saa ambayo hakuna awezaye kuliona. Maji yakipungua, tope na mchanga mpya hulifukia, na anayekuja kukagua baadaye hukuta kila kitu sawa. Mjazo huo ni mlegevu na haubebi uzito. Ndivyo lilivyoporomoka daraja la Schoharie Creek, New York, Aprili 1987, watu 10 wakafa. Mawe ya kulinda misingi yake hayakutosha wala hayakutunzwa. Kuchimba mchanga karibu na daraja huharakisha kazi hiyohiyo, kwa sababu sakafu ya mto hushuka na msingi ukabaki wazi.

Maji ya mvua nayo yana njia zake. Nondo hulindwa na tabaka la zege, mara nyingi la milimita 40 hadi 50. Mifereji ya juu ikiziba, maji hutuama na kupenya kwenye nyufa mpaka yakafika kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo husukuma zege kutoka ndani hadi likabanduka. Dalili ya mapema ni doa la kahawia lililonyooka kufuata nondo. Ukigonga hapo kwa nyundo, husikika sauti ya kitu kitupu.

Maungio ya kutanukia, yaani uwazi unaoachwa ili boriti ipate pa kurefukia, husahaulika sana. Boriti ya mita 30 hurefuka karibu milimita 6 joto likipanda nyuzi 20. Uwazi ukijaa kokoto, au fundi akiufukia kwa lami (kosa la kawaida mno), boriti husukuma ukuta unaoishikilia mwisho wa daraja na kuupasua.

Ufa mwembamba kama unywele kwa kawaida si wa kutisha. Ulio mshazari karibu na boriti inapokalia nguzo ni wa kuripoti siku hiyohiyo. Vivyo hivyo nguzo iliyoinama, na kingo za pembeni zilizokuwa zimenyooka zikaonekana kubonyea: hapo magari yasimamishwe kwanza, ukaguzi ufuate.