Darubini Haipimwi kwa Kukuza Pekee

Watu wengi jijini Dar es Salaam wanaotamani kutazama nyota huamini kwamba ubora wa darubini ni kukuza vitu mara nyingi, na kwamba asiye na fedha za kununua ya kiwandani hana la kufanya. Imani hiyo si sahihi. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na kinachoamua ni kipenyo cha kioo chake kikuu: kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga takriban mara 460 ya ule unaoingia katika mboni ya jicho iliyopanuka hadi milimita 7. Mwaka 1610 Galileo aliiona miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu.

Na kioo hicho mtu anaweza kukisugua mwenyewe kwa mkono. Visahani viwili vya kioo kinene huwekwa kimoja juu ya kingine, katikati unga wa kusagia na maji, na kwa kusukuma na kuvuta kwa saa nyingi uso wa kile cha juu hubonyea katikati taratibu, huku mkwaruzo ukilainika kadiri chembe zinavyosagika. Kwangu hiyo ndiyo hatua inayopendeza kuliko zote. John Dobson, mtengenezaji wa darubini wa Marekani, alitumia vioo chakavu vya madirisha ya meli, mirija ya karatasi ngumu na mbao. Hapa kwetu bomba pana la plastiki, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa ndani, pamoja na plaiwudi vinatosha. Ugumu halisi ni kuupaka uso wa kioo alumini ili uakisi mwanga, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika ndani ya chombo kilichoondolewa hewa.