Eneobunge ni nini? Somo kutoka Lang'ata na Kibra

Eneobunge ni sehemu ya nchi ambayo wakazi wake humchagua mbunge mmoja. Kenya ina maeneobunge 290, kila moja likiwa na mipaka iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kugawanywa katika wadi zinazochagua wawakilishi wa bunge la kaunti. Kisheria, maelezo yanaweza kuishia hapo. Kisiasa ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu mpaka wa eneobunge ndio unaoamua nani apige kura pamoja na nani. Watu ni wale wale na vyama wanavyovipenda ni vile vile, ila mstari ukisogezwa, mbunge anaweza kuwa mwingine kabisa. Sijui mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi kuliko Lang'ata na Kibra, jijini Nairobi.

Hadi uchaguzi wa 2013, Kibra haikuwa na mbunge wake. Ilikuwa ndani ya Lang'ata, eneobunge lililojumuisha majumba ya Karen yenye uwanja mpana, mitaa ya watu wa kipato cha kati kama South C na Nairobi West, mbuga ya wanyama ya Nairobi, na mtaa wa mabanda wa Kibera, ambao leo ndio kiini cha eneobunge la Kibra. Mwangi Mathai alichaguliwa hapo mwaka 1974, na mwaka 1979 kiti kikamwendea Philip Leakey, Mkenya wa asili ya Kizungu kutoka familia maarufu ya watafiti wa mambo ya kale. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Raila Odinga alikitwaa kwa tiketi ya FORD-Kenya. Baadaye alihamia NDP, na kwa kuwa sheria ilimtaka mbunge anayehama chama aachie kiti, ilibidi arudi kwa wapigakura. Wakamrudisha bungeni katika uchaguzi mdogo wa Machi 1997. Akaendelea na NDP, kisha NARC mwaka 2002, kisha ODM mwaka 2007. Vyama vilibadilika, mbunge hakubadilika. Nguvu yake kubwa ilitoka Kibera, ambako wapigakura walikuwa wengi na walijitokeza kwa pamoja.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Iliongeza maeneobunge kutoka 210 hadi 290, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ikachapisha mipaka mipya Machi 2012. Nairobi iliyokuwa na wabunge 8 ikapata 17. Lang'ata ikakatwa. Kibra ikapewa wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise.

Tazama kilichofuata. Mwaka 2013 ODM ilishinda kote kuwili. Mwaka 2017 Kibra ilibaki ODM, lakini Lang'ata, iliyokuwa ngome ya Raila kwa miongo miwili, ikamchagua Nixon Korir wa Jubilee. Mwaka 2022 ODM ikairejesha Lang'ata kwa ushindani mkali. Karen na South C hazikuwa zimegeuka ghafla. Kura zao zilikuwapo miaka yote, ila zilikuwa zikifunikwa na wingi wa Kibera. Mpaka mpya ulizitenga, nazo zikaanza kuonekana.

Hapo ndipo idadi ya watu inapoingia. Ibara ya 89 ya Katiba inataka kila eneobunge likaribie wastani, yaani idadi ya wakazi wote nchini ikigawanywa kwa 290. Kwa sensa ya 2009 iliyohesabu watu 38,610,097, wastani ulikuwa takriban 133,000. Kwa sensa ya 2019 iliyohesabu watu 47,564,296, umepanda hadi takriban 164,000. Eneobunge linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 30, na katika majiji na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, kwa asilimia 40.

Kwa sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Kibra ilikuwa na watu 185,777 katika kilomita za mraba 12 hivi. Lang'ata ilikuwa na 197,489 katika kilomita za mraba 217, ambazo zaidi ya nusu ni mbuga. Ukiziunganisha tena unapata watu zaidi ya 383,000, idadi inayopita hata ule upeo wa majiji. Kwa hivyo mgawanyo wenyewe ulikuwa wa lazima. Suala la kisiasa ni kisu kilipita wapi, na hilo ndilo wanasiasa hupigania usiku na mchana tume inapokaa.

Wanaohesabiwa katika wastani huo ni wakazi, si wapigakura. Mtoto mchanga wa Gatwekera, kijiji kimojawapo cha Kibera, anahesabiwa sawa na babu yake. Na Nairobi ina desturi inayovuruga hesabu zaidi: wakazi wengi wamejiandikisha kupiga kura kijijini kwao, na wiki ya uchaguzi stendi za mabasi hufurika watu wanaorudi nyumbani. Anayeishi Lindi lakini kura yake iko Kakamega anaipa Kibra uzito wa kuhesabiwa, huku Kakamega ikipata uzito wa kura yake. Kwa maoni yangu, wachambuzi wanaotabiri matokeo kwa kusoma sensa peke yake hukosea hapa kila mara.

Sensa yenyewe imewahi kuzua ubishi mkali. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, na mashirika ya misaada yalirudia takwimu hiyo bila kuchoka. Sensa ya 2009 ilipotoa idadi ya watu 170,070, wengi hawakuamini. Ukubwa wa tofauti hiyo unaeleza kwa nini kuhesabu watu ni siasa: takwimu moja ingempa mkazi wa Kibera wabunge kadhaa, nyingine inampa mmoja.

Kuhusu wakazi wenyewe, Kibra haina kabila moja linaloweza kuichukua peke yake. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni la KAR, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Makina ndiyo makao yao makuu. Walipata hatimiliki ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya vizazi kadhaa vya kuitwa wageni katika ardhi waliyozaliwa. Wajaluo ni wengi upande wa Gatwekera na Kisumu Ndogo, Wakamba upande wa Laini Saba, na Waluhya na Wakisii wametapakaa kote. Mgombea makini hapa huhesabu vijiji kimoja kimoja.

Hilo lilionekana Novemba 2019, katika uchaguzi mdogo uliofuata kifo cha Ken Okoth, mbunge wa kwanza wa Kibra, mzaliwa wa Kibera aliyekumbukwa sana kwa kusukuma elimu. Jubilee ilimsimamisha mwanasoka McDonald Mariga ikitarajia kuvunja ngome. Imran Okoth wa ODM, ndugu wa marehemu, alipata kura 24,636, Mariga 11,230, na Eliud Owalo wa ANC 5,275. Ngome haikuvunjika, lakini zaidi ya kura elfu kumi za Jubilee ndani ya Kibra zilionyesha kwamba hata pale panapoitwa pa chama kimoja pana watu wa fikra nyingine.

Sasa linganisha na Lamu Mashariki. Sensa ya 2019 ilihesabu huko watu 22,258. Mbunge wao ana kura moja bungeni, sawa na wa Kibra. Katiba ililinda maeneobunge madogo yasifutwe katika mgawanyo wa kwanza, na sababu zake ni za haki: visiwa, umbali, jamii ndogo ambazo zingemezwa na majirani. Hata hivyo mkazi mmoja wa Lamu Mashariki ana uzito wa uwakilishi unaozidi mara nane ule wa mkazi wa Kibra, na ni vyema tuseme hivyo bila kuzunguka.

Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Machi 2024, miaka 12 tangu mipaka ya 2012, ilifika na kupita bila kazi hiyo kufanyika, kwa kuwa IEBC haikuwa na makamishna. Itakapofanyika, tume inalazimika kushauriana na watu wote wanaohusika. Mipaka mipya isipokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitatumika katika uchaguzi huo. Asiyeridhika ana siku 30 tangu uamuzi uchapishwe kwenda Mahakama Kuu, nayo mahakama ina miezi mitatu ya kusikiliza na kuamua.